Kinanda: mazoezi kila usiku, lakini nakosea palepale

Mwalimu wa Tororo ameuliza:

Wapenzi wa muziki, salamu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa Tororo. Mwaka jana mpiga kinanda wa kanisa letu alihamishiwa Mbarara kikazi, na kwa kuwa katika kwaya nzima ni mimi peke yangu niliyewahi kugusa kinanda utotoni, macho yote yakanigeukia. Nina umri wa miaka 38, sina mwalimu wa karibu, na kidogo ninachokijua nimekiokota katika video za mtandaoni, katika kitabu cha nyimbo chenye noti, na kwa kijana mmoja wa kwaya ya jirani ninayemsumbua kila anapopita nyumbani.

Tatizo langu si uvivu, na hilo nalisema mapema kwa sababu najua ndilo jambo la kwanza ambalo watu hulishuku. Kila usiku, nikishamaliza kusahihisha madaftari, hukaa kwenye kinanda kuanzia saa tatu hadi saa tano, na nimefanya hivyo kwa miezi kumi na mmoja. Hata hivyo, kuna wimbo mmoja wa mistari minne, wenye ufunguo wa flati tatu (alama za kushusha sauti), ambao umenishinda. Mstari wa kwanza na wa pili naupiga hata nikiwa nimefumba macho. Nikitaka kuingia mstari wa tatu, mahali ambapo besi inateremka wakati mkono wa kulia unapanda, vidole vinajikwaa. Naacha, narudi mwanzo wa wimbo, napiga tena, na mara nyingine napita, mara nyingine nakwama. Juzi niliamua kuhesabu, nikaona kwamba katika usiku mmoja nimeupiga wimbo mzima mara 23. Jumapili, mbele ya waumini, nilikosea palepale. Kiongozi wa kwaya aliinua macho akanitazama bila kusema neno, na ningependelea aseme.

Naomba kuuliza, basi: je, saa mbili kwa siku hazitoshi? Nitumie metronomu, kile chombo cha kuhesabu mapigo, ambacho siku hizi kinapatikana hata katika simu? Nianze kwa kukariri kodi zote, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja (si zile za URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, ambazo nazo zinanisumbua), kabla ya kurudi kwenye wimbo? Mnielewe pia kwamba naishi katika muzigo, yaani chumba cha kupanga katika safu ya vyumba, ukuta kati yangu na jirani ni wa tofali moja, na umeme wetu hukatika jioni bila taarifa. Tena wiki hizi mbili kifundo cha mkono wa kulia kimeanza kuniuma.

Afande Mstaafu, Bombo:

Mwalimu, salamu nyingi. Nimepuliza tarumbeta katika bendi ya jeshi kwa miaka 22 kabla ya kustaafu, na ingawa sijui kinanda zaidi ya kukitambua kwa macho, ugonjwa unaoueleza naufahamu vizuri, kwa maana niliugua mwenyewe.

Hebu tuichukue hesabu yako ya mara 23. Kila uliporudi mwanzo, uliupiga mstari wa kwanza na wa pili, ambayo huna shida nayo, ukaitumia sehemu kubwa ya saa zako mbili kujifunza kitu unachokijua tayari. Pale penye shida ulifika mara 23, lakini kwa muda wa sekunde mbili tu kila mara, yaani katika usiku mzima hukulishughulikia tatizo lako hata dakika moja. Na katika hizo mara 23, tuseme ulipita mara kumi ukajikwaa mara kumi na tatu. Vidole havijui ni ipi uliyoikusudia, Mwalimu. Vinahifadhi vilichokifanya mara nyingi, na usiku ule kujikwaa ndiko kulikoshinda kura.

Kwa hiyo saa mbili zinatosha, na pengine zimezidi. Ninachokushauri ni kwamba usiguse mwanzo wa wimbo kwa wiki nzima. Chukua kodi mbili tu: ile inayoufunga mstari wa pili na ile inayoufungua mstari wa tatu. Zipige polepole kiasi kwamba haiwezekani ukosee, hata kama ni mapigo 40 kwa dakika, na hapo metronomu itakusaidia, kwa sababu mtu akiachiwa mwenyewe hukimbia bila kujua. Weka vifuniko saba vya soda upande wa kushoto wa kinanda. Ukipata, hamisha kimoja kwenda kulia. Ukikosea, vyote vinarudi kushoto. Vikihamia vyote saba, ongeza kodi moja nyuma, kisha moja mbele, hadi daraja lako, yaani kipande hicho kinachoiunganisha mistari miwili, liwe na mizani nne (mizani ni fungu moja la mapigo).

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona ni kubwa kuliko vifuniko. Kuna wimbo wa gwaride ambao ulikuwa na sauti moja ya juu iliyonitoroka kila mara. Ilikuwa ikipasuka, na kwa miezi mitatu nilikuwa nikiipigania sauti ile peke yake asubuhi na jioni mpaka midomo inavimba. Sajini aliyekuwa akitufundisha akanisikiliza siku moja, akaniambia niupige wimbo lakini nikifika kwenye sauti ile niiruke, ninyamaze. Nikafanya hivyo. Akaniuliza, "Wakati umenyamaza, ulitaka kufanya nini?" Nikamjibu kwamba nilitaka kuvuta pumzi. Basi tatizo likawa limejulikana: mizani mbili nyuma yake palikuwa na nafasi ya kupumua, nami nilikuwa nikivuta nusu pumzi kwa kuogopa kuchelewa, kwa hiyo nilikuwa nikiifikia sauti ya juu nikiwa mtupu. Midomo haikuwa na kosa lolote. Nilibadilisha mahali pa kupumua, na katika siku nne sauti ikatulia.

Ndiyo maana nakuomba, kabla ya kurudia chochote, uchunguze vidole vyako vinafanya nini kabla ya kujikwaa, si wakati wa kujikwaa. Kosa husikika mahali pamoja na huanza mahali pengine.

Kinanda cha Jinja:

Mwalimu, niongeze machache kuhusu mkono na umeme, kwa kuwa nimeyapitia yote mawili.

Maumivu ya kifundo si jambo la kuvumilia. Robert Schumann, mtunzi wa Ujerumani, alipoteza uwezo wa kidole cha mkono wa kulia mwanzoni mwa miaka ya 1830 na akaacha ndoto ya kuwa mpiga piano. Wataalamu bado wanabishana kuhusu chanzo, lakini inajulikana kwamba alikuwa akitumia kifaa cha kuvifanyisha vidole mazoezi. Wewe huna kifaa, ila una meza. Wengi wetu huweka kinanda juu ya meza ya kulia chakula na kukaa kwenye kiti cha plastiki, hivyo mikono inalazimika kupanda na kifundo kinakunjika kwa saa mbili mfululizo. Kalia mito au kitabu kinene mpaka kiwiko kilingane na vibonye au kiwe juu yake kidogo. Ukihisi maumivu, funga kinanda usiku huo, na yakiendelea baada ya wiki ya kupumzika, nenda ukamwone daktari.

Kuhusu umeme, tazama chini ya kinanda chako: vinanda vingi vya vibonye 61 vina kijisanduku cha betri, mara nyingi sita. Ni ghali, kwa hiyo mimi huziweka kwa ajili ya Jumamosi tu. Na kwa jirani, nunua spika za masikioni, japo uwe na siku moja ya kupiga kwa sauti, kwani ukizoea kujisikia ndani ya masikio tu utashangazwa na spika za kanisani.

Omwawuzi, Kampala:

Mimi ni mpigaji wa amadinda, marimba ya Kiganda, na nilisita kuchangia kwa sababu chombo changu na cha Mwalimu havifanani hata kidogo. Amadinda ina vibao 12 vya mti wa lusambya vilivyolazwa juu ya vigogo viwili vibichi vya mgomba, na sauti zake tano zimepangwa kwa nafasi ambazo kinanda cha dukani hakizijui. Lakini alichokisema Afande kuhusu kosa linaloanzia mahali pengine kimenikumbusha nilivyojifunza.

Kwa wasioifahamu: wapigaji wawili hukaa wakitazamana. Wa kwanza, omunazi, hupiga mfululizo wake kwa mapigo yaliyo sawasawa. Wa pili, omwawuzi, huingiza wake katikati ya mapigo ya mwenzake, pigo kwa pigo, bila kugongana. Wa tatu, omukoonezi, hushika vibao viwili vya mwisho vyenye sauti ya juu, na kuyarudia hapo yale yanayojitokeza katika mchanganyiko. Kila mfululizo ukiusikia peke yake ni mwepesi, hata mtoto anaweza kuushika kwa siku moja. Ikiunganishwa, milio hupita 500 kwa dakika, na wimbo unaousikia hauko katika mikono ya omunazi wala ya omwawuzi. Uko kati yao.

Nikiwa peke yangu niliweza kupiga sehemu ya omwawuzi saa nzima bila kukosea. Mwenzangu alipoanza, nilidumu kwa sekunde kumi. Sikio lilikuwa likivutwa na mapigo yake, mikono ikalifuata sikio, na ghafla tukajikuta tunapiga kwa pamoja kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja kwa wakati mmoja. Nikarudi nyumbani nikafanya mazoezi peke yangu kwa wiki mbili zaidi, ambazo zilikuwa wiki mbili za bure, kwa sababu nilikuwa nikizidi kujifunza kitu ambacho hakuna mtu atakayeniomba nikipige: sehemu yangu bila ya mwenzangu. Mwalimu wangu alilitatua kwa njia ambayo mwanzoni niliiona ni ya kitoto. Omunazi alipiga mfululizo wake wote, nami niliruhusiwa kugonga pigo moja tu katika kila mzunguko, katika nafasi yake. Lilipokaa, yakawa mawili, kisha matatu. Ilituchukua siku tisa kufika mwisho wa mfululizo, na tangu hapo sijapotea.

Mwalimu, kwaya yako ndiye omunazi wako. Unafanya mazoezi usiku ukiwa peke yako, huku ukiweza kusimama na kurudi nyuma upendavyo, na Jumapili unapiga na watu hamsini ambao hawatasimama kukungoja. Jizoeze kwa namna itakayofanana na Jumapili. Piga besi kwa mkono wa kushoto peke yake huku ukiimba sauti ya kwanza kwa mdomo. Ukiweza, utagundua kwamba mstari wa tatu unakushinda ama kwa sababu ya mkono mmoja au kwa sababu ya kuiunganisha mikono miwili, na hayo ni matatizo mawili tofauti. Halafu, ukijikwaa, usisimame. Acha mkono wa kulia upotee, ushikilie besi hadi mwisho wa mstari, kisha uurudishe mkono wa kulia pale kwaya ilipofika. Ujuzi huo nao unahitaji mazoezi, na sijui kwa nini watu wengi hudhani utajitokeza wenyewe siku ya hadhara.

Jambo la mwisho ni kujifunza kuingia popote. Tia alama ya penseli mwanzo wa kila mstari, na uanze mazoezi kwa mstari wa nne, kisha wa tatu, kisha wa pili. Anayeweza kuanza mwanzoni peke yake akipotea katikati hana pa kushikia.

Msomaji wa Wandegeya:

Nimefurahia majibu haya. Nasoma saikolojia Makerere na napiga fidla, si kwa ustadi mkubwa, na kwa kuwa mambo haya mawili hukutana katika masomo yangu, ningependa kueleza tafiti tatu ambazo zinamhusu Mwalimu moja kwa moja. Mojawapo, kwa heshima zote Afande, inapingana kidogo na vifuniko vyako.

Ya kwanza ilichapishwa mwaka 2009 na Robert Duke na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas. Waliwapa wanafunzi 17 wa piano kipande kifupi kigumu kutoka katika konseto ya kwanza ya piano (utunzi wa piano na okestra) ya mtunzi Mrusi Shostakovich, wakawaacha wafanye mazoezi kadiri walivyotaka, na kesho yake wakawarekodi wakikipiga bila kujiandaa tena. Wasikilizaji wakawapanga kwa ubora. Muda wa mazoezi haukueleza nani alipiga vizuri, wala idadi ya marudio haikueleza. Hata waliopata nafasi za juu walikosea siku ya mazoezi. Tofauti ilikuwa katika kilichofuata baada ya kosa: wao walilitafuta kosa lilipo na lilipotokea, wakapunguza kasi mahali pale tu, wakarudia mpaka likatulia, na hawakuliacha litokee tena na tena. Ni sawa kabisa na hesabu ya Afande ya mara kumi na mara kumi na tatu, ingawa yeye ameipata kwenye uwanja wa gwaride.

Kuhusu saa, watu hupenda kuutaja utafiti wa Anders Ericsson na wenzake wa mwaka 1993, uliofanywa kwa wapiga fidla wa chuo cha muziki mjini Berlin, ambao ndio chanzo cha ile hadithi ya saa 10,000. Hadithi hiyo imeuacha nje msingi wa utafiti wenyewe. Saa 10,000 zilikuwa wastani wa wapigaji bora walipofika miaka 20, si kizingiti ambacho mtu akikivuka anakuwa hodari, na watafiti walikuwa wakizungumzia mazoezi yenye lengo mahususi na masahihisho, si muda wa kukaa na chombo mkononi. Tena wapigaji hao bora walikuwa wakilala zaidi, hata mchana. Mwalimu, unaanza saa tatu usiku baada ya siku nzima ya kufundisha na rundo la madaftari. Ningekuomba uzigawe zile saa mbili: nusu saa alfajiri kabla ya kwenda shule, ukiwa na akili mpya, na nusu saa jioni. Saa nyingine ulale, kwa kuwa mengi ya yale ambayo vidole vimejifunza hutulia usingizini.

Sasa vifuniko. Mwaka 2016 Christine Carter na Jessica Grahn walichapisha jaribio walilolifanya Kanada kwa wapiga klarineti kumi. Kazi nyingine waliifanyia mazoezi kwa dakika 12 mfululizo. Nyingine waliigawa katika vipande vya dakika tatu tatu, wakibadilishana na kazi tofauti. Siku iliyofuata, waamuzi kwa jumla walielekea kuupendelea upigaji uliotokana na mazoezi ya kubadilishana. Kundi ni dogo na tofauti haikuwa kubwa, kwa hiyo nisilitie chumvi. Lakini linakubaliana na majaribio mengi ya awali kuhusu jinsi mwili unavyojifunza. Unaporudia kitu mara saba mfululizo, mara ya saba inakuwa nyepesi kwa sababu ya mara ya sita. Hukukitafuta upya. Jumapili hakuna mara ya sita: unakifikia kipande kile mara moja, kikiwa cha baridi, baada ya mistari miwili ya kitu kingine.

Kwa hiyo ningesema: dakika tatu kwenye daraja lako, kisha wimbo mwingine kabisa, kisha skeli (ngazi ya sauti), kisha rudi kwenye daraja. Na kila asubuhi, kabla ya kupasha vidole moto, lipige mara moja tu na uandike katika daftari kama umepata au umekosa. Hiyo ndiyo alama yako ya kweli. Wewe mwalimu wajua kwamba mwanafunzi hapewi mtihani dakika moja baada ya kuonyeshwa jibu.

Umeme ukikatika, usikasirike sana. Mwaka 1995 Alvaro Pascual-Leone na wenzake walieleza jinsi walivyowafundisha watu zoezi la vidole vitano la piano, saa mbili kwa siku kwa siku tano. Kundi moja lilipiga kwa mikono. Jingine lilikaa mbele ya piano likiwaza tu kila mwondoko bila kugusa chochote. Baada ya siku tano, waliowaza walikuwa wamefikia kiwango ambacho waliopiga walikifikia siku ya tatu, na walipopewa kipindi kimoja cha kupiga kweli, wakawakaribia sana. Kaa gizani, basi, uone kila kidole kinakwenda wapi, na usikie sauti yake kichwani. Ukifika mahali usipojua ni kidole gani kinachofuata, umepata habari muhimu ambayo kelele ya kinanda ilikuwa inakuficha.

Afande Mstaafu, Bombo:

Binti, nimekusoma na nimekuelewa, na siwezi kubisha, maana nakumbuka asubuhi nyingi ambapo bendi nzima ilipiga bila dosari katika chumba cha mazoezi, na nusu saa baadaye, juani, tukiwa tumesimama na jasho linaingia machoni, wimbo uleule ukatusambaratikia. Mwalimu, fanya hivi: badala ya vifuniko saba kwa pamoja, weka vitatu, uviendee mara tatu katika kipindi kimoja na kazi nyingine katikati. Lakini sivitupi kabisa, kwa sababu vinamzuia mtu kujidanganya. Mtu aliyepata mara moja huondoka akisema amepata.

Mwalimu wa Tororo:

Nimekawia kurudi kwa wiki nne kwa sababu nilitaka kuja na kitu cha kuwaeleza. Nawashukuru nyote.

Nilianza na agizo la Afande la kuchunguza kilicho kabla ya kosa. Nilimwomba binti yangu anirekodi mikono kwa simu, akiwa amesimama kando na si mbele, kisha nikaitazama picha ile kwa mwendo wa taratibu. Nilichokiona kilinitia aibu. Katika kodi ya mwisho ya mstari wa pili, nilikuwa nikiipiga sauti ya juu kwa kidole cha mwisho, kile kidogo. Sauti inayofuata, ya kwanza ya mstari wa tatu, iko juu yake. Mkono wangu ulikuwa umekwisha. Hapakuwa na kidole kilichobaki cha kuipanda, kwa hiyo mkono mzima ulilazimika kuruka hewani, macho yakaufuata, na wakati macho yako kulia, besi upande wa kushoto ilikuwa inateremka bila mtu wa kuiangalia. Besi ndiyo iliyokuwa ikisikika imekosewa. Nami kwa miezi yote hiyo nilikuwa nikiulaumu mkono wa kushoto.

Dawa ikawa kuipiga sauti ya juu ya kodi ile ya mwisho kwa kidole cha nne, ili cha tano kibaki huru. Nimeandika tarakimu 4 kwa penseli katika kitabu cha nyimbo. Siku tatu za kwanza vidole vilikataa na kurudi kwenye zoea lao, na hapo vifuniko vilinisaidia, vitatu vitatu kama mlivyokubaliana. Daftari la asubuhi linaonyesha kwamba wiki ya kwanza nilipata mara mbili katika siku saba, ya pili mara nne, ya tatu sita. Usiku mmoja umeme ulipokatika nilikaa gizani nikaupiga wimbo kichwani, nikagundua kwamba sijui kabisa teno (sauti ya tatu) ya mstari wa nne; kumbe nilikuwa naibahatisha, na kwaya inaifunika. Nalala saa nne sasa. Nimekalia mto, na kifundo hakiumi tena.

Jumapili iliyopita tuliuimba wimbo wenyewe, beti tano. Nilipita beti nne. Ubeti wa tatu nilijikwaa palepale, ila nilifuata neno la Omwawuzi: niliacha mkono wa kulia, nikashikilia besi, nikarudi mwishoni mwa mstari. Sidhani kama zaidi ya watu wawili walitambua.

Afande Mstaafu, Bombo:

Hongera, Mwalimu. Huo ubeti wa tatu, macho yako yalikuwa wapi?

Mwalimu wa Tororo:

Yalikuwa kwa kiongozi wa kwaya, Afande. Aliinua mkono kupunguza kasi, nikamtazama.

Afande Mstaafu, Bombo:

Basi nyumbani hujawahi kupiga ukiwa unamtazama mtu. Wiki hii mweke binti yako mbele ya kinanda, aongoze kwa mkono, abadilishe kasi apendavyo bila kukuonya, nawe usiangalie vibonye tangu mwisho wa mstari wa pili hadi katikati ya wa tatu. Anza na mapigo 40.